Mteremko wa Oksijeni

Jumanne, Durham. Saa kumi alasiri na giza limeshaingia
kama mgeni asiyebisha hodi.
Mto Wear umefura kwa mvua ya siku nne.
Ofisini, ghorofa ya tatu, kipasha joto kinapiga chafya,
na mbele yangu, kwenye kioo, kuna galaksi
isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho.
Nuru yake ilianza safari kabla dunia haijaumbwa,
wala mdomo wa kuuliza inakwenda wapi.

Naikata vipande. Ndiyo kazi niliyoajiriwa.
Pikseli mia nne na kumi na mbili, kila moja na uzi wake wa rangi,
na katika kila uzi nawinda mistari michache:
haidrojeni hapa, nitrojeni jirani yake,
kisha oksijeni, kijani kilichonyooshwa na safari
hata kikaupita wekundu, kikatoka nje ya macho.

Sisi, kila kilicho kizito kuliko heliamu
tunakiita metali.
Hedley Raine, ninayegawana naye meza,
alimweleza babu yake, mchimba makaa wa miaka thelathini na moja,
kwamba hata hewa anayovuta ni metali.
Mzee akaweka kikombe chini,
akauliza nani anawalipa.

Nyota hufa, na kila maziko huacha kitu chunguni.
Katikati zimekufa nyingi, chumvi imekolea;
pembeni bado uji wa maji.
Ndivyo tulivyofundishwa: toka kitovuni,
na oksijeni itashuka nawe hatua kwa hatua,
mteremko wenye adabu.

Yangu haina adabu.
Upande wa kaskazini kuna doa,
nono kama mnofu ambao mpishi amemfichia ampendaye chini ya wali;
mkabala wake, umbali uleule kutoka kitovuni,
njaa tupu.
Nimepima mara tano. Nimelaumu kamera, nimelaumu vumbi,
nimejilaumu mimi
ninayekula mchana juu ya kibodi.

Mwaka jana, kwa darubini ya zamani,
hewa ilitikisika, ikamwaga tajiri juu ya maskini,
tukapata mchoro laini kama shuka iliyopigwa pasi.
Tukaandika: imechanganyika vizuri.
Kumbe kilichochanganyika ni macho yetu.

Umbali nao ni mwiko.
Hukoroga.

Kila Ijumaa muuza duka wa Gilesgate huniuliza
huko Afrika kukoje,
nami namjibu: kuzuri.
Kila Jumapili dada yangu Atuganile, simuni kutoka Tukuyu,
huniuliza huko Uingereza kukoje,
nami namjibu: baridi.
Namba moja kwa bara zima. Namba moja kwa kisiwa kizima.
Sijamwambia yule kwamba kwetu nako mvua hainyeshi, inahamia,
na kwamba nilizaliwa ndani ya sweta.
Sijamwambia huyu juu ya Bi Halina wa chini,
aliyenifundisha kutembea juu ya barafu kama bata,
wala ule mtaa mmoja
ambao nikiupita huweka funguo katikati ya vidole.

Hedley amevaa koti. Anaangalia doa langu, anakuna shingo.
Anasema kuna kitufe cha kulainisha,
wahakiki hawapendi madoa.
Najua kilipo kitufe. Nimekibonyeza miaka miwili.

Nimeuacha mchoro na makovu yake,
na kila pikseli nimeiandikia wasiwasi wake pembeni,
kujumlisha au kutoa.
Kisha simu ikalia, wala si Jumapili.
Atuganile. Amekosa usingizi tu.
Huko kukoje?

Ngoja nikae, nikamwambia.
Unataka tuanzie upande gani?